Kasoro ya Mashine ya Wifi Yangu

Steshenari ya Safina,
Nyuma ya soko,
Tukuyu.
Ijumaa asubuhi.

Kwa Kaka yangu Hafidhi,

Asalaam aleikum. Natumaini karatasi hizi zitakukuta mzima, mgongo umetulia, na joto la Maskati limeanza kukuonea huruma. Sisi huku hatujambo, ila baridi. Mvua imetukalia, mlima hatujauona siku nyingi, na kanga nilizofua Jumapili bado zina unyevu. Mama ni mzima. Goti linamsumbua asubuhi tu, akishapata chai linasahau. Anauliza kama huko unapata ndizi za kupika au wanakudanganya na mikate. Mkeo Mwantum naye hajambo, na kwa kuwa yeye ndiye habari yenyewe ya barua hii, salamu zake nitaziacha mwisho.

Utashangaa nimekuandikia karatasi wakati simu ipo. Simu yako naijua, Kaka. Sauti zangu unazifungua kwa spika mbele ya wenzako wa chumbani, halafu mnacheka wote. Haya ya leo sitaki yachekwe na mtu kabla wewe hujayasikia. Mwenzako Twalib anaondoka Jumapili kurudi huko, na anasubiri neno langu: aondoke na ile mashine, kompyuta mpakato uliyomletea Mwantum, akaibadilishe dukani kama mlivyokubaliana na muuzaji, au aondoke na bahasha hii peke yake. Tena barua hii naichapa kwenye mashine hiyo hiyo, ili nikikueleza habari za kibodi yake vidole vyangu viwe mashahidi.

Maagizo yako Twalib aliyafikisha yote. Kwamba ni zawadi ya mkeo, nisimwambie kitu mpaka niijaribu, maana macho yangu unayaamini. Nikiona inamfaa nimkabidhi, nikiona haimfai irudi. Asante kwa kuniamini. Ila ungeuliza kwanza kama aliyeaminiwa ana moyo wa kazi hiyo, ningekwambia utafute mtu mwingine.

Maana nilipofungua lile boksi kule nyuma, penye marimu ya karatasi, wivu ulinikaba mpaka nikakaa chini. Sisemi uongo. Nilikaa juu ya rimu. Babu unamjua, ile kompyuta yangu ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumikia watu wengine, yenye feni inayokoroma kama mashine ya kusaga. Nikimwasha Babu naenda kubandika chai, chai inachemka, nakunywa, ndipo ananionyesha dirisha la kwanza. Na huyo Babu ndiye aliyetulisha tangu nirudi nyumbani na talaka yangu mkononi. Halafu kaka yangu wa tumbo moja anatuma mashine ya rangi ya fedha, nyembamba kama madaftari mawili yaliyolaliana, na jina lililoandikwa juu ya boksi si langu.

Nikajiambia, haya, nimeombwa kutafuta kasoro, nitazitafuta. Na nilizitafuta kwa bidii, Kaka. Sijawahi kufanya kazi yako yoyote kwa bidii kama ile.

Nilianza na uzito. Niliifunga kwenye kanga, nikaipeleka kwa jirani anayeuza maharage, nikamwomba aiweke kwenye mzani wake bila kuuliza maswali. Ilizidi kilo moja kidogo tu. Jirani akaniuliza kama ni sinia. Nikarudi nikiwaza kwamba kitu chepesi namna ile lazima kiwe dhaifu, nikakibonyeza pembeni, nikakishika kwa kona moja, nikakifungua kwa kidole kimoja. Hakikulia, hakikupinda.

Kuwaka ndiko kulikoniudhi zaidi. Nilibandika chai kwa mazoea, nikageuka, mashine imeshawaka na inaniuliza jina. Kitufe cha kuwashia kinasoma kidole, ukikigusa inakutambua na kukufungulia. Nikaisajili kwa kidole changu, nikijiambia ni kwa ajili ya majaribio. Nikaifungulia kila kitu kwa pamoja: ratiba ya send-off, kadi za mchango, faili la kikundi cha wakulima wa chai lenye picha nzito ambalo Babu hulifungua akalala, na juu yake ukurasa wa maombi ya mikopo ya wanafunzi. Nikangoja igande. Haikuganda. Nikaweka sikio nisikie feni ikihangaika. Kimya. Nikaigusa chini, imepata uvuguvugu kidogo tu, basi. Hapo nikasema moyoni, kasoro ya kwanza hii, kwa baridi la Tukuyu Babu anatupasha miguu na hii haitupashi.

Utacheka. Lakini nilipata na kasoro za kweli, na nitakueleza kwa haki. Haina zile namba za pembeni, na walimu wanatuletea alama za mitihani za darasa zima. Kuziingiza kwa safu ya juu kunachosha mkono. Kioo ni kizuri, rangi zake zimeiva, hata mwanga ukitoka mlangoni unasoma vizuri, lakini ni kidogo. Ukiweka kurasa mbili pamoja herufi zinakuwa chawa. Vitufe vimelala, havizami kama vya Babu, na siku mbili za kwanza nilikosea sana kwa sababu nilikuwa nagonga kwa nguvu za kizamani. Na matundu, Kaka! Matundu mawili tu, membamba, upande mmoja. Hakuna pa kuchomeka flashi, hakuna pa kuchomeka printa. Steshenari bila flashi ni bucha bila kisu. Siku ile nilifurahi mpaka nikamnunulia Mama andazi, na mimi langu.

Jioni yake nikapapasa mfuko wa pembeni wa begi, nikakuta umetia adapta yenye matundu ya kila aina, na kikaratasi chenye mwandiko wako, kwamba hii ni kwa ajili ya flashi za wateja, Mwantum asihangaike. Ulikumbuka hadi flashi. Mimi siku ya kuondoka kwako uliniachia funguo za stoo. Nilikirudisha kile kikaratasi mahali pake na sikula andazi langu.

Sasa ya betri. Umeme wetu msimu huu wa mvua unaujua, unakuja kama mgeni asiyetaka kukaa. Siku moja ulikatika watu wakifungua maduka. Babu akazima katikati ya barua ya mtu, kama kawaida yake. Nikaitoa mashine ya mkeo nikaendelea, nikafanya kazi ya asubuhi yote, nikala, nikafanya ya mchana, na adhana ya alasiri ilinikuta bado naichapia. Vitufe vina taa ndani, giza la mvua lilipoingia dukani viliwaka vyenyewe. Wateja walijipanga kwangu, maana steshenari nyingine zote zilikuwa zimekaa kimya.

Na hapo ndipo Mwantum aliponikuta nayo. Alikuwa ametoka Isongole kwa mama yake kuvuna viazi, miguu ina udongo, begani ana kiroba. Akasimama mlangoni. Akauliza ni ya nani. Nikamjibu haraka haraka kwamba ni ya mteja wa Mbeya, kaileta nimwekee programu. Alienda kunawa kwanza, Kaka. Akanawa mpaka viwiko, akajifuta kwa upindo wa kanga, ndipo akaja kuigusa, tena kwa mgongo wa kidole. Akasema mwenye mashine hii ana mtu anayempenda. Nikamjibu kwamba wenye pesa wananunua wenyewe, hawangoji kupendwa, nikaufunga mfuniko.

Twalib aliniachia wiki mbili za majaribio, na zilipoisha nikamwambia bado kuna mambo sijayaelewa. Likizo yake ikiendelea kule kwao, mimi naendelea. Ukinipigia simu nasema bado naijaribu. Ulidhani nina umakini.

Sasa niingie kwenye aibu yangu ya Nkunga, maana bila hiyo hutaelewa kilichofuata. Unajua huku mtu hazikwi bila wasifu wake kusomwa, na unajua wasifu wote wa kata za karibu unapita kwetu. Bwana mmoja wa Nkunga aitwaye Asajile alikuja na karatasi iliyoloa mvua, mama yao amefariki, maziko ni mchana ule ule. Mwantum, ninayechapa naye dukani, hakuwepo. Nikachapa mimi. Kwenye orodha ya watoto jina la Nsajigwa lilikuwa limeandikwa mara mbili, la kwanza likiwa na neno marehemu pembeni. Mimi nikaona mwandishi kachanganyikiwa kwa majonzi, karudia. Nikalifuta lile la pili, nikaacha lile la kwanza na neno lake, nikapanga mistari vizuri, nikatoa nakala.

Kumbe watoto walikuwa wawili kweli. Nsajigwa wa kwanza alikufa akiwa mchanga, na aliyezaliwa baada yake akapewa jina lile lile, kama wanavyofanya wengi wao. Huyo wa pili ni mtu mzima mrefu kama nguzo, na wasifu uliposomwa alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi la mama yake, ameshika koleo, anasikia akitajwa kati ya waliotangulia mbele za haki. Wanawake walipiga yowe. Wazee wakasimamisha kila kitu, msomaji akaambiwa arudie kwa mdomo, jina kwa jina, mwenye jina aitike, ndipo udongo ukaanza kutupwa. Kesho yake Nsajigwa mwenyewe alikuja dukani. Hakugomba. Alisalimia, akasema yeye ndiye yule marehemu wa kwenye karatasi, amekuja kuomba arudishwe duniani kwa maandishi ili watoto wake wawe na nakala nzuri. Nilikaa kumchapia, na Babu alichukua muda mrefu kuliko siku zote kuwaka, tukabaki tunatazamana.

Mwantum aliposikia hakunicheka. Alisema kosa si langu, kosa ni la karatasi. Kwamba mtu mmoja anaandika kwa haraka amesimama, karatasi inaloa, na sisi tunachapa mambo ya watu tusiowaona. Akasema kazi hii inatakiwa ifanywe pale pale nyumbani kwa wafiwa, wazee wakiwepo, wakisomewa kila mstari. Yeye Kinyakyusa ni cha mama yake, anakisikia chote. Mimi cha kwangu ni cha sokoni, kinaishia kwenye salamu na bei. Nikamuuliza, Babu tutambeba kwa machela?

Siku chache baadaye akaja Obed, kijana wa Igogwe, babu yao amefariki, na umeme haupo tangu alfajiri. Mwantum akanitazama. Akasema, wifi, muombe mteja wako wa Mbeya atuazime mashine yake nusu siku tu, tutaifunga vizuri. Nilikosa pa kutokea. Kukataa ningeweza, lakini Obed alikuwa amesimama pale na macho mekundu. Basi nikatoka nje kwenye kibaraza, nikaweka simu sikioni, nikazungumza na mtu asiyekuwepo. Nilimsalimia, nikamuulizia watoto, nikamwomba, nikamshukuru sana, nikarudi ndani nikasema mteja amekubali kwa roho safi. Mwantum akamwombea dua huyo mteja. Nami nikaitikia amina.

Tulikwenda wote, mimi kwa kisingizio cha kulinda mali ya watu. Tuliifunga kwenye kanga, kanga kwenye nailoni, na Mwantum akaikumbatia kwenye bodaboda kama anayebeba mtoto kliniki. Tulipofika akaondoa viatu, akakaa na wanawake kwenye mkeka chini ya turubai, akaipakata. Hapo ndipo nilipoijua mashine hii, Kaka, kuliko majaribio yangu yote ya dukani. Mvua inapiga turubai, mwanga ni hafifu, watu wanalia taratibu, na yenyewe haikohoi wala haikoromi. Vile vitufe vilivyolala nilivyovisema vibaya, ndivyo vilivyofaa; alikuwa anachapa na huwezi kusikia. Kioo nilichokiita kidogo hakikumkinga na mtu, bibi aliyekuwa mbele yake alikuwa anaongea na uso wake, si na mgongo wa kompyuta.

Wazee walisema kwa Kinyakyusa, yeye akaandika kwa Kiswahili. Akifika mwisho wa kipande anawasomea, wanamrekebisha. Huyu si wa tatu ni wa nne. Huyo mke mkubwa alikuwa na watoto wengine waliokufa, waandike nao, wasisahaulike. Bibi mmoja alisema marehemu alikuwa mkali lakini hakuwahi kulala bila kuhesabu kuku wa jirani kama wamerudi, na Mwantum akamuuliza kwa upole kama hilo nalo aliandike. Wakakubaliana liandikwe. Alipomaliza walimshika mikono wakimshukuru, ndaga fijo, ndaga fijo, na mmoja akamvalisha mkufu wake wa shanga. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na nguzo ya turubai, nimebeba nailoni tupu.

Tulitoa nakala kwa jenereta ya kinyozi, ikasomwa kaburini, na wakati wa kile kipande cha kuku watu walicheka huku wanalia. Tangu siku ile watu wanaokuja dukani hawaniulizi mimi. Wanamuulizia yule binti wa mashine ndogo. Wamekuja wa Igogwe tena, wamekuja wa Nkunga, hata Nsajigwa alileta jirani yake. Kila mara natoka kibarazani, namwomba yule mteja wa hewani, narudi na ruhusa. Safari za baadaye hazikunihitaji, kwa hiyo nilibaki. Duka ni lile lile, viti ni vile vile viwili, na mimi nilikuwa namsikiliza Babu akikoroma.

Kaka, nifike sasa kwenye lenyewe. Jumatatu nilikuandikia barua nyingine, si hii. Ilikuwa nzuri, imepangika, imejaa hoja. Nilikushauri mashine irudi na Twalib, badala yake ulete kompyuta kubwa ya mezani, yenye kioo kipana, namba za pembeni na matundu tele, kwa manufaa ya mkeo. Nikataja walimu na alama zao. Nikataja herufi zinazokuwa chawa. Hakuna neno la uongo hata moja ndani yake. Nilipoisoma mara ya mwisho kabla ya kuitoa kwenye printa nikaona aibu, kwa sababu nilijua kwa nini nimeiandika. Kompyuta ya mezani haipandi bodaboda. Ingekaa hapa dukani, mkeo angekaa mbele yake, na mimi ningekaa pembeni yake kama tulivyozoea.

Wewe ulipoondoka ulidhani umeniachia mzigo wa wifi. Hujui. Huyu mtu ndiye aliyeniwekea kiti cha pili dukani bila kuniuliza. Ndiye anayenimegea kiazi kikiwa cha moto, ndiye anayenifundisha maneno ya Kinyakyusa nikiyakosea ananicheka mpaka anashika meza. Nilipotoka kwa yule mwanaume sikutaka kuzungumza na mtu, yeye akawa anazungumza mwenyewe mpaka nikajikuta namjibu. Muda wote huu nilidhani namwonea wivu Mwantum kwa kuipata mashine. Kumbe niliyoionea wivu ni mashine, kwa kumpata Mwantum. Nimeiandika hivyo na nimeiacha, ucheke ukitaka.

Jana, kabla hatujafungua duka, nilimwambia. Niliweka boksi mezani upande wenye jina lake. Alilisoma, akasoma tena, akaniuliza mteja wa Mbeya ni nani basi. Nikamwambia anaitwa Hafidhi na anaishi Maskati. Akakumbuka zile simu za kibarazani, akanitazama, akaniuliza kama na wale watoto niliokuwa nawaulizia hali ni wa hewani pia. Nikasema ndiyo. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye marimu, pale pale nilipokaa mimi siku ya kwanza, halafu kicheko kikageuka kilio. Kile kikaratasi cha flashi amekitia kwenye pochi yake.

Tukataka kusajili kidole chake. Akaweka gumba, mashine ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Viazi vya Isongole vimemla vidole, alama zimekwisha. Nitakuambia ukweli kwa sababu nimeshaanza: kwa muda ule mfupi nilifurahi. Mashine ilikuwa inanitambua mimi tu. Yeye hakuhuzunika hata kidogo. Akapaka mafuta ya nazi, akajifuta, akajaribu kimoja kimoja mpaka kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikakubaliwa. Nikamwambia sasa nifute changu. Akanishika mkono, akasema kiache, siku akiugua nani atakwenda kwenye misiba ya watu.

Kwa hiyo umeniuliza kama mashine ni nzuri, na jibu langu ndilo hili. Ina kasi kuliko tunavyohitaji. Betri yake inaishinda siku yetu ya kazi. Namba za pembeni hatutazipata, tutazizoea bila. Kioo ni kidogo na kinatosha. Imara ni imara, nimeibana kwa chuki na haikulia. Kasoro yake ni moja, na hakuna duka la Maskati litakaloibadilisha: ni nyepesi. Mtu anaiweka kwapani anaondoka nayo, na wewe uliyebaki husikii hata mlango. Usiirudishe. Twalib anakuja na bahasha.

Nilitaka kuendelea, nikueleze ya paa la jikoni na ya mti wa parachichi uliong'olewa na upepo. Lakini bodaboda inaunguruma nje, kuna msiba upande wa Isongole, na mwenye mashine amesimama mlangoni ameshavaa koti la mvua, ameshika nailoni, anaona aibu kuniambia ninyanyuke.

Haya ya mwisho nayamalizia kwa Babu, maana nilihamisha barua kwa flashi kabla Mwantum hajaondoka. Babu alichukua chai mbili kuwaka. Mama anasema ukipata likizo usilete zawadi, lete mgongo wako aukande. Mwantum anakusalimu salamu ndefu, atakwambia mwenyewe, ila alisema nikuandikie kwamba anakula vizuri na anaikumbuka sauti yako. Wasalimie wenzako wa chumbani, waambie safari hii hawasikii kitu. Mungu akuhifadhi, akurudishe kwetu salama.

Na Kaka, kiti cha pili nimekifuta vumbi. Alisema atarudi kabla ya magharibi, na atanihadithia.

Ni mimi mdogo wako,
Safina